Fundi Rangi na Keki ya Harusi

Chupa ya spreyi ilikohoa tena, na Mama Keki akaiweka mezani polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Imetema," alisema. "Tazama. Imetema tena."

Kwenye kipande cha fondanti alichokuwa akijaribia, pale palipotakiwa mng'ao mwembamba wa dhahabu, palikuwa na madoa mazito yaliyoanza kutiririka. Fondanti ni sukari iliyokandwa ikalainika, ikasukumwa, ikavishwa keki kama shuka ya kitanda. Doa likishaingia humo halitoki. Na nyuma yake, kwenye meza kubwa, keki yenyewe ya ghorofa tatu ilikuwa ikisubiri, kila ghorofa kwenye ubao wake, nyeupe, safi, bila hata alama ya kidole.

"Uko karibu mno," alisema mumewe kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. "Halafu mkono unasimama. Mkono ukisimama, rangi inatoa machozi."

"Fundi, hii siyo boneti."

"Sijasema ni boneti. Nimesema mkono usisimame."

"Basi kasimame wewe. Kule sebuleni."

Bibi, mama yake Fundi, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha akichambua mchele. Alicheka kidogo bila kuinua kichwa. Aliwapenda walipogombana hivyo. Kimya chao ndicho kilichokuwa kikimtia wasiwasi, na tangu ule uwanja wa gereji uuzwe na mafundi wote waambiwe waondoe vitu vyao, kimya kilikuwa kimeanza kuzoea ile nyumba.

Fundi alikuwa mpaka rangi wa magari, na siyo mpaka rangi wa hivi hivi. Watu walikuwa wakileta magari kutoka mitaa ya mbali ili yeye ndiye ayapulizie. Sasa nyumba ilikula na kulipa umeme kwa keki za mkewe, keki za siku za kuzaliwa, na vijana wa kinyozi pale njiani walishamvika jina jipya. "Bwana Keki!" walikuwa wakimwita. "Leo tunapaka vanila au chokoleti?" Alicheka nao kila mara, halafu akatembea taratibu zaidi hadi nyumbani. Mkewe alijua. Ndiyo maana kila walipohitaji kitu dukani alimpa yeye hela mkononi, akalipe yeye, mbele za watu. Hakuwahi kulisema jambo hilo, na Fundi hakuwahi kuliuliza.

Keki hii ya harusi ilikuwa ya kwanza ya namna yake. Mwenye harusi alikuwa mama mmoja mwenye duka la vitambaa sokoni, na mtaa mzima ulimwita Mama Vitambaa. Alikuwa akimwoza binti yake wa pekee. Siku ya kuagiza alimsimamisha Mama Keki mbele ya wateja, akakunjua kitambaa cha satini chini ya taa.

"Nataka ing'ae hivi," alisema. "Isimetemete kama sufuria mpya. Ing'ae kwa heshima. Kwani wewe umeshawahi kufanya ya ghorofa?"

"Nimefanya," alijibu Mama Keki. Ilikuwa kweli, ila ilikuwa ya ghorofa mbili, na hakuulizwa ngapi.

"Nusu chukua sasa. Nusu nyingine nikishaiona ukumbini."

Sasa ilikuwa imebaki siku moja, na chupa ilikuwa ikikohoa. Mama Keki alivua aproni, akajifunga kitambaa kichwani.

"Naenda ukumbini kupima ile meza," alisema. "Nikirudi nitajaribu tena. Jamani, msiguse kitu. Mama, nakuachia wewe."

"Nenda, mkwe wangu," alisema Bibi. "Hakuna wa kugusa."

*

Fundi alizunguka ile meza mikono ikiwa mgongoni, kama mtu anayekagua gari la kununua.

"Mama," alisema mwishoni, "bega lake linamuuma. Umemwona anavyolishika?"

"Nimemwona."

"Kazi yenyewe ni ya kupuliza tu. Ningekuwa na upepo mzuri, hata robo saa haifiki."

Bibi aliacha mchele. Alimtazama mwanawe, akaona kitu usoni mwake ambacho hakikuwapo kwa miezi mingi, akakosa moyo wa kukizima.

Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la zana, Fundi alikuwa na bunduki ya kupulizia rangi, ile ndogo ya kurekebishia mikwaruzo. Nyingine zote alikuwa ameziuza. Aliifungua, akaiosha kwa sabuni, akaiosha tena. Bibi akachemsha maji na kummiminia taratibu, huku akipuliza mvuke usimuunguze mtoto wake, mtu mzima mwenye mvi. Fundi akaisuuza kwa maji yale yanayotokota mpaka yakatoka meupe. Akainusa. Akampa mama yake naye ainuse.

"Haina harufu," alisema Bibi.

Upepo ulitoka kwa jirani yao, fundi wa pancha, aliyeisukuma kompresa yake yenye magurudumu mpaka mlangoni na kusimama akishangaa.

"Nimejaza baiskeli, nimejaza toroli, nimejaza mpira wa watoto," alisema. "Leo naijaza keki upepo. Ikipata pancha mniite."

"Funga mdomo, vumbi linaingia," alisema Fundi. Lakini alikuwa akitabasamu.

Alimimina spreyi yote ya dhahabu kwenye kikombe cha bunduki, akabakisha kidogo tu chini ya chupa. Akaweka ghorofa ya kwanza juu ya beseni lililofunikwa, ili aweze kuizungusha. Akarudi nyuma kadiri ya mkono wake. Kisha akaanza, na mkono haukusimama. Ulipita na kurudi, ulipita na kurudi, na dhahabu ikashuka kama umande, bila doa, bila chozi. Fundi wa pancha alivua kofia yake. Ghorofa zikaisha zote tatu.

Mama Keki aliporudi, kompresa ilikuwa imeshaondoka na bunduki imeshafutwafutwa harakaharaka na kurudi sandukuni. Alisimama mlangoni. Akaweka mkoba wake chini, halafu yeye mwenyewe akakaa chini, sakafuni.

"Umefanyaje?" aliuliza.

Fundi alikuwa ameandaa maneno ya kueleza. Alitaka kumwambia habari za bunduki, maji ya moto na kompresa, na utani wa jirani. Lakini mkewe alikuwa akilia huku akicheka, na Fundi akaogopa kuligusa jambo lile.

"Mkono tu," alisema.

"Mkono tu!" Mama Keki alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani. "Mama, umemsikia? Mkono tu! Na mimi nimekufukuzia sebuleni."

Bibi alirudi kwenye mchele wake. Alijisemea kwamba mwanawe atamwambia mkewe kesho.

*

Asubuhi keki ilipakiwa kwenye pikapu ya kukodi. Mama Keki alikaa nyuma pamoja nayo, magoti yakizuia boksi. Alimwomba Fundi abaki nyumbani, kwa sababu Mama Vitambaa alitaka watu wachache na kila kiti ukumbini kilikuwa na mwenyewe. Fundi alisema hana neno. Alisimama barabarani akipunga mkono mpaka pikapu ilipokata kona.

Kisha akatoa bunduki kuisafisha vizuri, kwa sababu fundi halazi chombo kichafu zaidi ya usiku mmoja. Jana baada ya kazi alikuwa ameifuta tu. Leo aliifungua yote juu ya gazeti: akachomoa sindano ndefu ya ndani, akafungua koo la mbele, akatoa ile pete ndogo ya mpira ambayo mtu huigusa mara chache sana. Akaipitishia kitambaa cheupe.

Kitambaa kilitoka na dhahabu. Akakigeuza, akapitisha tena. Kikatoka na kijivu.

Aliijua ile rangi. Ilikuwa ya gari la mwisho alilopaka kabla uwanja haujafungwa, gari la mwenye duka la dawa, kijivu chenye chembe za fedha. Ilikuwa imejificha nyuma ya pete, imekauka, na sasa pembeni yake ilikuwa imelainika kwa ule umajimaji wa spreyi.

"Mama," aliita. "Njoo uone."

Bibi alikuja na miwani yake. Akakisogeza kitambaa kwenye mwanga.

"Ni nyingi?"

"Kama kichwa cha sisimizi."

"Ilitoka ikaingia kwenye keki?"

"Huenda haikutoka hata chembe. Huenda ilitoka." Fundi aliweka kitambaa chini. "Mama, hii rangi ukiipuliza unavaa barakoa. Mimi mwenyewe ninakohoa mwaka wa ngapi sasa? Na kule kuna watoto."

Bibi alikumbuka maji aliyoyachemsha kwa mkono wake, na jinsi alivyoinusa bunduki akasema haina harufu. Alitaka kumwambia mwanawe kwamba walikuwa wawili katika jambo hilo, lakini aliona kwamba muda wa maneno haukuwapo.

"Mbona bado umekaa?" alisema. "Ondoka."

Fundi wa pancha alimpa baiskeli iliyokuwa imeegemea ukuta. "Ya mteja," alisema. "Anakuja jioni. Ikirudi na pancha, bahati nzuri unajua pa kuileta."

*

Mlinzi wa ukumbi alikuwa na sare mpya na filimbi. Alimtazama Fundi kuanzia viatu hadi kichwani, akaona suruali yenye matone ya rangi za kila aina.

"Fundi wa spika? Mlango wa nyuma."

"Ndiyo," alisema Fundi, akishukuru kwamba kuna mlango. "Wa nyuma."

Mlango wa nyuma ulipitia jikoni, ambako mpishi wa ukumbi, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alikuwa akiamrisha masufuria kama askari. Alimwona mtu anahema, akampa glasi ya maji kabla ya kumuuliza yeye ni nani. Fundi aliinywa yote.

"Namtafuta mwenye keki."

"Mwenye keki leo ni malkia," alisema mpishi. "Chungulia pale."

Kupitia pazia aliiona. Keki ilikuwa imesimama katikati ya ukumbi, ghorofa tatu, na mwanga wa dirishani ulikuwa ukitambaa juu yake kama juu ya satini. Wageni wa mwanzo walikuwa wameizunguka. Mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu alikuwa amemshika Mama Keki mkono. "Mwanangu anamaliza chuo mwezi ujao," alikuwa akisema. "Nataka kama hii hii. Nipe namba yako." Na Mama Keki alikuwa amesimama wima, bega lake bovu na lile zima yakiwa sawasawa. Fundi hakukumbuka ni lini alimwona amesimama hivyo.

Alitamani kurudi nyuma. Hakuna aliyekuwa amemwona. Baiskeli ilikuwa pale nje.

"Mke wangu," aliita kwa sauti ndogo.

Mama Keki aligeuka akitabasamu, akaona uso wa mumewe, na tabasamu likaondoka. Akaja nyuma ya pazia.

"Mama amepatwa na nini?"

"Mama mzima. Ni keki." Akamweleza yote bila kupumzika, bunduki, maji ya moto, kompresa, pete, kijivu. Alipomaliza alimwonyesha kile kitambaa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Mama Keki hakukitazama kitambaa.

"Uliniambia ni mkono tu."

"Ndiyo."

"Nililia mbele yako, na ukaniambia ni mkono tu."

"Niliogopa kuiharibu ile furaha."

"Sasa umekuja kuiharibia hapa." Sauti yake haikupanda. "Fundi, yule mama ametaka namba yangu. Umemwona? Ametaka namba yangu."

"Nimemwona."

Mpishi alikuwa karibu nao akikata vitunguu. Aliacha kukata, akachukua ungo wake, akaenda kukatia upande wa pili wa jiko, ili wapate pa kusemea.

Mama Keki alifunika uso kwa viganja. Fundi alisubiri kutukanwa. Angefurahi kutukanwa. Lakini mkewe alipoondoa mikono alisema tu, "Twende tukamwambie mwenyewe. Na utasema wewe."

*

Mama Vitambaa aliwapokea kwenye chumba cha kuwekea viti, akiwa amevaa kitambaa ghali kuliko vyote vya dukani kwake. Alisikiliza. Akamwambia Fundi aseme tena. Fundi akasema tena, na kwamba ganda lote la fondanti lazima limenywe.

"Rangi ya gari," alisema Mama Vitambaa.

"Ndiyo, mama."

"Kwenye keki ya mwanangu."

"Nimekosa, mama. Mke wangu hakujua."

"Nani amekuuliza habari za mkeo?" Akamgeukia Mama Keki. "Nilikuuliza kama umewahi kufanya. Nilikuuliza mbele za watu! Kumbe kazi yangu unaipeleka gereji?" Kisha alifunga mlango kwa mgongo, na sauti yake ikashuka. "Sikilizeni. Hakuna kitu kama hicho. Ni kichwa cha sisimizi, umesema mwenyewe, na huenda hata hakikutoka. Iacheni ilivyo."

"Mama..."

"Iacheni! Wale wa upande wa bwana harusi wamefika tangu saa nne. Shangazi yake ameshika viti vyangu akasema vinamkumbusha msiba. Juisi yangu wamesema ni maji. Kitu kimoja tu kimewanyamazisha tangu wafike, na ni ile keki. Mnataka niwatolee keki iliyochunwa ngozi?" Macho yake yalikuwa yamejaa. "Ukiigusa, ile nusu iliyobaki usije kuiuliza."

Fundi alitazama sakafu. Mama Keki alimsogelea yule mama, akamshika kiwiko, jambo ambalo siku ya sokoni asingethubutu.

"Dada yangu," alisema, "kipande cha kwanza analishwa binti yako."

Nje, mtu alikuwa akijaribu spika. Moja, mbili. Moja, mbili. Mama Vitambaa alikaa kwenye rundo la viti, kitambaa chake ghali kikajikunja, na hakukinyoosha.

"Nusu saa," alisema mwishoni. "Nitawaambia taa ya pale mezani imeharibika, mnaisogeza keki. Ikizidi nusu saa sina la kuwaambia."

*

Waliibeba jikoni chini ya kitambaa cha meza. Mama Keki alichana fondanti kwa ncha ya kisu, akaanza kuimenya, na Fundi akashika upande wa pili. Ilitoka kama ganda la yai lililochemshwa vizuri, mahali pengine vipande vikubwa, mahali pengine ikiondoka na keki yenyewe. Walifika hadi kwenye keki tupu, wakakwangua hata krimu iliyokuwa chini ya ganda, asibaki mtu na shaka. Dhahabu yote ikaingia kwenye ndoo ya takataka. Hakuna aliyeitazama ikienda.

"Krimu unayo?" aliuliza mpishi.

"Kidogo, ya kuziba nyufa."

"Siagi ninayo. Ya mikate ya wageni. Watakula mikate mikavu, hawatakufa."

"Sukari ya unga?"

"Hiyo sina. Nina ya chai."

"Tusage," alisema Fundi. "Blenda ya juisi ile pale."

Basi wakasaga sukari kwenye blenda, mpishi akishikilia kifuniko kwa mikono miwili na kuwafokea wasaidizi wake wote waliosogea kushangaa. Mama Keki akapiga siagi na sukari mpaka bega likagoma. Fundi akamnyang'anya bakuli bila kusema, akaendelea kupiga yeye. Walikuwa hawajatazamana tangu watoke kwenye chumba cha viti.

Krimu ilipatikana, nyeupe, yenye chengachenga kidogo ukiigusa na ulimi. Mama Keki aliipaka kwa kisu kilichochovywa maji ya moto, akazungusha, akachovya, akazungusha. Haikuwa satini. Ilikuwa keki nyeupe ya kawaida, ya heshima zake. Ghorofa ya juu waliiingiza kwenye friza ya nyama ipate kukaza.

Chupa ya spreyi ilikuwa kwenye mkoba wa Mama Keki, na dhahabu kidogo chini. Fundi aliichukua, akaitikisa, akaipuliza kwenye karatasi. Ikakohoa, ikatema doa. Akaitazama kwa jicho la kazi. Akafungua kile kichwa cha kubonyezea, akakigeuza kwenye mwanga wa taa.

"Kumeziba hapa," alisema. "Unga wake umekauka kwenye tundu."

Akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto, akakiacha, akakikung'uta, akakirudisha. Akapuliza tena kwenye karatasi. Ukatoka ukungu laini, wa dhahabu, usio na doa hata moja.

Mama Keki aliutazama ule ukungu ukitua.

"Maji ya moto," alisema.

"Ndiyo."

"Kikombe kimoja cha maji ya moto, Fundi. Jana. Pale pale nyumbani. Badala ya kuniletea kompresa."

Mpishi aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika. Fundi alitaka kuomba msamaha, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza kumsaliti, na Mama Keki alipouona mdomo ule alimpiga kifuani kwa mwiko wa krimu.

"Usicheke! Nimekukasirikia! Puliza, watu wanangoja!"

Ilitosha ghorofa ya juu peke yake. Mkono wake ulipita na kurudi mpaka chupa ikaishiwa na kutoa upepo mtupu.

*

Walikuwa wamezidisha nusu saa, na spika ilikuwa imeshaimba wimbo mmoja zaidi ya ilivyopangwa. Mama Vitambaa alisimama kando ya meza keki ilipowekwa. Aliitazama kutoka chini kwenda juu.

Yule mama wa miwani ya dhahabu alinong'ona kwa jirani yake, "Siyo hii niliyoiona," akatazama kwingine. Shangazi wa bwana harusi yeye hakunong'ona.

"Mbona inang'aa juu tu? Huku chini walisahau?"

Ukumbi ulisikiliza. Nyuma ya pazia, Mama Keki alishika mkono wa mumewe, au labda aliushika ukuta na mkono wa mumewe ulikuwa hapo. Mama Vitambaa alikuwa na neno moja tu la kusema ili aibu yote iende kwa wenyewe: rangi, gereji, yule fundi kule nyuma. Angeeleweka na kila mtu.

"Shangazi," alisema, "ndiyo mtindo wa sasa. Nimeuagiza hivyo mwenyewe." Akamkabidhi binti yake kisu. "Kata, mwanangu. Halafu nikatie na mimi, sijala tangu asubuhi."

Alikula kipande chake akiwa amesimama, mbele ya wote, mpaka makombo. Baadaye, alipopita karibu na pazia kwenda kuagiza juisi zaidi, alisimama bila kugeuza kichwa.

"Sukari inalialia kwenye meno," alisema. "Jumatatu njooni dukani mchukue nusu yenu. Wote wawili. Nina maneno na huyo mumeo, na siku ya leo si ya maneno."

*

Mpishi aliwafungia vipande viwili kwenye karatasi wampelekee Bibi, na kwa mlango ule ule wa nyuma wakatoka. Fundi alichukua baiskeli ya mteja, akaikokota. Mama Keki alitembea upande wa pili wa baiskeli, mbao tupu za keki zikiwa kwapani. Barabara ilikuwa imejaa watu wa jioni. Walitembea mpaka muziki wa ukumbini ukapungua.

"Sitaingia tena pale jikoni," alisema Fundi. "Nimeshaelewa. Kesho naenda kule kwenye magodauni, nimesikia wanatafuta wabebaji."

Mama Keki alisimama.

"U mzima wewe? Na hicho kifua chako ukabebe magunia?"

"Sasa nifanye nini?"

"Nani amekufukuza kazi?"

Fundi alimtazama asielewe.

"Umenidanganya," alisema Mama Keki, "na hilo nitakugombeza nyumbani, nikishakaa, nikishakunywa chai, na mama akiwepo, maana naye nina maneno naye. Lakini Jumatatu tukitoka kwa Mama Vitambaa tunapita duka la vifaa vya keki. Wanauza bunduki ndogo za kupulizia, nimeziona, za keki tu. Sijui bei. Tutauliza. Hata kama ni ya kununua mwakani, tutauliza." Alitazama shati lake. "Hebu simama vizuri."

"Nini tena?"

"Umefunga vifungo upande. Kola moja iko sikioni. Umepita kwa mlinzi hivyo, umesimama mbele ya mwenye harusi hivyo, na mimi nakutazama tu sina nafasi ya kukwambia."

Aliegemeza mbao kwenye baiskeli. Pale pale njiani, watu wakipita huku na huku na wengine wakigeuka kutazama, alimfungua vifungo vyote kuanzia juu, akamnyoosha kola kwa vidole vyenye siagi, akaanza kumfunga upya, kimoja kimoja, kila kimoja kwenye tundu lake. Fundi alisimama, ameshika baiskeli ya watu, kidevu juu, kama mtoto anayeandaliwa kwenda shule.